Usimwache Pongo na Jeraha Lako

Ndugu zangu Waislamu, mwenye leseni akienda kuwinda pongo katika mapori ya Magindu, asidhani Bismillahi peke yake inatosha. Mtume (s.a.w.) ametuamrisha wema hata katika kuua. Lenga nyuma ya bega, penye moyo na mapafu. Risasi ya tumboni humtesa mnyama kwa saa nyingi.

Akikimbia, fuata damu. Ukimkuta hai, mchinje. Ukimkuta amekufa kwa risasi yako iliyopenya, ni halali kwa wanazuoni wengi wa zama hizi. Amezama majini? Mwache: Adiyy bin Hatim alikatazwa, kwani hajui kama aliyeua ni mshale au maji.

Nami nasema: asiye na shabaha wala subira ya kufuatilia, asifyatue. Ataulizwa. Wallahu a'lam.