Msiba wa Watu Ukigeuzwa Mchezo



Vijana wetu hapa Troyeville, kama vijana wa kila jiji, hucheza gemu za vita. Mzazi akipita nyuma yao husikia milio ya bunduki, huguna, kisha huendelea na shughuli zake. Mara nyingi hana sababu ya kusimama, kwani adui ni zimwi, au askari wa nchi isiyokuwepo popote duniani. Lakini zipo gemu ambazo vita vyake vilipiganwa kweli, na wafu wake wana majina na makaburi. Hizo ndizo ninazotaka tuzijadili. Je, ni halali msiba wa watu halisi kufanywa mchezo?

Wengi wetu jibu tunalo mdomoni: haifai hata kidogo, kifo si kitu cha kuchezewa. Mzaha mzaha, walisema wahenga, hutumbuka usaha. Hata hivyo tusiwe na haraka, maana sisi wenyewe tumelelewa katika kukichezea kifo. Anayetoka Tanzania anaujua utani wa msibani. Wafiwa wanalia, mtani anaingia. Anaigiza marehemu alivyokuwa akitembea na alivyokuwa akikwepa madeni. Pengine hujilaza kaburini akagoma kutoka mpaka apewe chochote. Watu hucheka huku machozi yakiwatoka. Mgeni asiyejua mila angedhani huyu ni mwendawazimu, kumbe wafiwa wangesikitika kama asingekuja.

Tena utani wenyewe mara nyingi ulizaliwa na damu. Wangoni walitoka huku huku kusini, wakikimbia vita vya zama za Shaka. Walivuka mto Zambezi mwaka 1835, na miaka mingi baadaye wakapata makao Songea. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1870 walipigana na Wahehe vita vikali. Vijiji vilichomwa na watu wengi walikufa. Leo wajukuu wa pande hizo mbili ni watani. Vita vya kweli vimegeuka mchezo, na hakuna anayelalamika.

Basi swali la kujiuliza ni hili: msiba hugeuzwa mchezo kwa masharti gani? Nikiutazama utani, naona masharti matatu. Kwanza, mtani huja mwenyewe mbele ya wafiwa, wakamwona uso. Pili, hashiki mzaha peke yake, hushika na jembe: huchimba kaburi, huteka maji, hupasua kuni. Tatu, kuna zamu. Leo anakuchezea wewe, na kesho akifiwa yeye utakwenda kumchezea vile vile. Bila masharti haya, mtani angekuwa mtu mwenye dharau tu.

Tuzipime gemu kwa kipimo hiki. Tarehe 22 Novemba 2004, siku ya kumbukumbu ya kifo cha Rais John F. Kennedy wa Marekani, kampuni moja ya Scotland ilitoa mchezo uitwao JFK Reloaded. Mchezaji anawekwa dirishani, ghorofa ya sita, jijini Dallas, mkononi ana bunduki, na msafara wa rais unapita chini. Anapata pointi kwa kadiri risasi zake zinavyolingana na taarifa ya tume ya serikali iliyochunguza mauaji yale. Kampuni iliahidi hata zawadi ya fedha kwa atakayepiga kwa usahihi zaidi. Watengenezaji walijitetea kwamba wanafundisha historia. Msemaji wa Seneta Edward Kennedy, mdogo wake marehemu, alisema ni jambo la kuchukiza.

Kuona kwa nini, hatuna haja ya kwenda Dallas. Twende mtaa wa Eleanor, hapa hapa Troyeville. Tarehe 1 Mei 1989, David Webster, mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand na mpinzani wa ubaguzi wa rangi, alipigwa risasi mbele ya nyumba yake na mtu aliyekuwa ndani ya gari lililokuwa likipita. Mwaka 1998 mahakama ilimtia hatiani Ferdi Barnard, mtu wa kikosi cha siri cha jeshi la utawala ule. Sasa fikiri mtu anatengeneza gemu inayokuketisha ndani ya gari lile, ikakupa pointi kwa kulenga vizuri. Nani kati yetu, tunaopita mtaa ule kila siku, angekubali kuiita historia?

Msomaji atauliza: mbona filamu, riwaya na tenzi za vita hatuzilaumu, nazo hazikuomba ruhusa? Ni hoja nzuri. Lakini katika hadithi muuaji ni mtu mwingine, nasi tunamtazama. Katika gemu kidole ni changu. Nikikosa narudia, nikirudia nazoea, na nikizoea nasifiwa. Kwa hiyo anayetengeneza gemu amebeba mzigo mzito kuliko msimulizi.

Ugumu mwingine ni kujua wenye msiba ni nani. Gemu iitwayo Call of Duty: Black Ops II, iliyotoka mwaka 2012, inaanzia Angola ya 1986. Ndani yake Jonas Savimbi anaongoza wapiganaji wake akipiga kelele na kuua. Mwaka 2016 watoto wake watatu waliokuwa wakiishi Ufaransa waliishtaki kampuni kwamba imemchora baba yao kama mshenzi, wakadai fidia ya euro milioni moja. Kampuni ikajibu kwamba imemwonyesha kama mtu mwema. Mahakama ya Nanterre ikatupilia mbali madai yao.

Mimi siwalaumu watoto kumtetea baba. Lakini tazama nani hakutajwa kabisa katika kesi ile. Vita vya Angola vilidumu kuanzia 1975 hadi 2002, vikaua watu laki kadhaa, na jeshi la Afrika Kusini lilipigana upande wa Savimbi. Humu Troyeville wamo wasemao Kireno waliokimbia vita hivyo. Katika gemu ile, wale waliopoteza miguu kwa mabomu ya ardhini hawana sura wala jina. Wanaokimbia mbele ya bunduki ni shabaha tu. Adhabu ya kaburi aijuaye ni maiti, na maiti hakualikwa mahakamani.

Kuna waliojaribu njia nyingine. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Southern California walitengeneza mchezo mdogo uitwao Hush, juu ya Rwanda ya 1994. Mchezaji ni mama Mtutsi aliyejificha kibandani na mtoto mchanga. Hana silaha. Kazi yake ni kubonyeza herufi kwa mwendo wa wimbo wa kubembeleza ili mtoto asilie, huku wauaji wakipita nje. Akiharakisha au akichelewa, mtoto analia. Bado unaweza kusema kwamba mama wa kweli hakupewa nafasi ya kuanza upya, na utasema kweli. Lakini angalau kidole kinafanya kazi ya kuokoa, na mchezaji amekaa upande wa mfiwa. Katika hilo naona kitu kinachofanana na jembe la mtani.

Jambo hili linatugusa. Mei 2008 mashambulizi dhidi ya wageni yalianza Alexandra, yakasambaa hadi jirani zetu wa Jeppestown. Waliouawa nchini walifika 62, na 21 kati yao walikuwa raia wa Afrika Kusini. Mwaka 2019 maduka ya wageni yalichomwa tena Jeppestown. Vijana wetu wanajua kompyuta, na ipo siku mmoja wao atataka kutengeneza gemu juu ya siku zile. Mimi sitamkataza. Nitamwomba akae kwanza na waliofiwa, wa Msumbiji, Zimbabwe, Kongo, na wa Afrika Kusini pia, awaonyeshe anachotengeneza kabla hajakiuza, na akubali wakimwambia hapana. Kama angeona uchungu mwingine akitengeneza gemu hiyo hiyo juu ya mama yake, basi aache.

Nasi wazazi tusiishie kuguna. Tusimame nyuma ya kijana, tumwulize kwa upole: hapa ni wapi, na huyu uliyempiga ni nani? Gemu nyingi hazina jibu la swali hilo. Kijana aliyezoea kuulizwa ataanza kuuliza mwenyewe.