Je, anayetibiwa bure ana haki ya kusema?

Wapo kati yetu wanaosema kwamba anayepewa dawa bure hachagui. Mama akipoteza mtoto zahanati bila kuelezwa sababu, tunanyamaza tusije tukaonekana hatuna shukrani. Wengine husema ni mapenzi ya Mungu, na maneno yanaishia hapo.

Tuwaletee habari ya Vienna, nchini Austria. Hospitali kuu ya mji huo ilikuwa na wodi mbili za wazazi, na wanawake maskini walizalishwa bure. Ya kwanza ilikuwa ya madaktari na wanafunzi wao, ya pili ya wakunga. Mwaka 1846, katika ya kwanza walikufa akina mama 11 hivi kati ya kila 100, hasa kwa homa ya uzazi. Katika ya pili hawakufika 3. Wanawake walijua. Waliopangiwa ya kwanza walipiga magoti wakiomba wapelekwe kwa wakunga. Hao waliotibiwa bure ndio walioona jambo ambalo maprofesa hawakutaka kuliona.

Daktari Ignaz Semmelweis alihesabu vifo, akalinganisha, akagundua kwamba madaktari walitoka kupasua maiti wakaenda moja kwa moja kuwapima wazazi. Mei 1847 akaamuru wanawe kwa maji ya klorini, na vifo vikapungua. Oktoba vikarudi: akina mama 11 kati ya 12 walikufa baada ya madaktari kumpima kwanza mgonjwa mwenye saratani ya kizazi. Akaamuru mikono ioshwe baada ya kila mgonjwa. Mwaka 1848 wodi ile ilipoteza kama mama 1 kati ya 100. Hata hivyo wengi walimpinga, maana kumkubali kulikuwa kukiri kwamba mikono yao wenyewe iliua. Alifariki mwaka 1865 bado akipingwa.

Je, kuuliza ni kumshitaki muuguzi? Sisi tunaona sivyo. Muuguzi aliyechoka, mwenye foleni ndefu mlangoni, akiogopa kufukuzwa ataficha kosa, nalo litamkuta mzazi wa kesho. (Kumtukana muuguzi mbele ya watu hakusaidii lolote.) Lakini aliyefiwa naye anastahili kuambiwa ukweli.

Basi kamati ya afya ikipita kuuliza juu ya huduma, tusijibu tu "nzuri, asante". Tutaje siku, saa, na tulichokiona.