Kilo 1215 za Majani Chai

Mchukue kijana wa Nyamira, wa aina ambayo kila mhadhiri wa pande hizi amewahi kumfundisha. Wazazi wake wana majani chai, huyapima kwenye kituo cha kijijini na kuingojea bonasi ya Oktoba. Alipata A ya hesabu katika KCSE, mtihani wa kumaliza shule ya upili, akaitwa chuo mjini Kisii kusomea kompyuta. Zamani safari ya mtoto kama huyu ingeishia Njoro au Nairobi. Lakini chuo cha ualimu kilichofunguliwa Kisii mwaka 1965 kiligeuka bewa la Chuo Kikuu cha Egerton, kile cha Njoro, mwaka 1994, na mwaka 2013 kikapewa hati ya kuwa chuo kikuu kamili. Siku hizi mtoto wa Nyamira hufika chuoni kwa nauli ya matatu, na Ijumaa akitaka hulala kwao.

Jambo moja tu lilimpungukia: hakuwahi kuandika hata mstari mmoja wa programu. Katika shule za upili kompyuta ni somo la kuchagua, na shule yake haikuwa nalo. Taasisi ya kukuza mitaala, KICD, iliidhinisha mtaala wa kufundisha watoto kuandika programu mwaka 2022, naye alikuwa amekwisha kupita shule ya msingi. Si kosa lake, wala si aibu. Ila yeye aliliona kuwa aibu, na hapo ndipo balaa lilipoanzia.

Zoezi lenyewe lilitoka nyumbani kwao kabisa. Waliambiwa waandike programu kwa lugha ya Python, imuulize mkulima kilo alizouza asubuhi na alizouza jioni, izijumlishe, kisha izidishe kwa bei. Kijana akaweka 12 za asubuhi na 15 za jioni. Kompyuta ikamjibu: 1215. Akapitisha macho tena, akaona labda kidole kimeteleza, akarudia. Ikawa 1215 ileile. Ndani ya programu yenyewe akaandika bei ya zoezi, shilingi 25 kwa kilo, akitazamia kuona 675. Kioo kikajaa 121512151215 na kuendelea, tarakimu zimefuatana bila nafasi, 1215 hiyo imerudiwa mara 25.

Aliyezoea Python atatabasamu, kwani karibu kila mwanagenzi hupitia hapo. Kila unachoandika unapoulizwa na programu, lugha hiyo hukipokea kama maandishi, hata kama ni tarakimu tupu. Ukijumlisha maandishi mawili, inayaunganisha. Ukiyazidisha kwa namba, inayarudia. Dawa ni neno la herufi tatu, int, na mabano yake, linaloiambia kompyuta ihesabu kilo hizo kama namba. Mwalimu angelieleza kwa dakika tano.

Na mwalimu alikuwepo. Mlangoni pa ofisi yake palibandikwa karatasi yenye saa za kuonana na wanafunzi. Kijana aliisoma, akamsikia mwalimu akikohoa ndani, akapita zake.

Malezi yake yalimwambia apite. Wagusii, watu wake, wana chinsoni, adabu inayoweka umbali kati ya kizazi cha baba na kizazi cha mwana. Kuna mahali mwana haingii na kuna maneno hayatamkwi mbele ya baba. Mhadhiri huyu alikuwa rika la babake. Kumwendea na kusema "sijaelewa" kulionekana kwake kama kumwambia mzee kwamba hajui kufundisha. Juu ya hayo kulikuwa na ile A ya hesabu. Kijiji kizima kilimjua kama kichwa, na kichwa haendi kuuliza kwa nini 12 na 15 si 27.

Alisahau kwamba mila hiyohiyo haikumwacha mtoto bila wa kumuuliza. Asichoweza kumwambia baba, mjukuu humwambia babu, na hao wawili hutaniana bila kikwazo. Chuoni nako wapo akina babu: fundi wa maabara ya kompyuta, mhadhiri msaidizi ambaye juzi tu alikuwa mwanafunzi, msichana wa mwaka wa pili aliyekwama hapohapo mwaka uliotangulia. Kijana hakumwendea hata mmoja. Aliingia kwenye kundi la WhatsApp la darasa, akakuta zoezi limekwisha kufanywa, akalinakili na kubadilisha jina juu. Mazoezi yaliyofuata aliyapata kwa ChatGPT. Alama zikaja nzuri, akatulia.

Hesabu ambayo hakuipiga ndiyo hii: katika vyuo vingi vya Kenya kazi za muhula ni alama 30 na mtihani wa mwisho ni 70, na kupita huanzia 40. Hata angezoa 30 zote kwa mazoezi ya kunakili, hizo peke yake zisingempitisha. Siku ya mtihani hapakuwa na simu wala kundi. Mficha maradhi kifo kitamuumbua. Alianguka, akaandikiwa mtihani wa marudio, na somo la pili la programu, linalojengwa juu ya lile la kwanza, likamngoja mbele.

Hapo ndipo alipobisha mlango.

"Mwalimu, nimekuja kuhusu matokeo."

"Karibu, keti. Mazoezi yako yalikuwa safi." Mwalimu akafungua lile la majani chai. "Hebu niambie, hapa mstari wa pili, hili int linafanya kazi gani?"

Kijana akatazama viatu vyake.

"Muhula mzima ulikuwa wapi?"

"Niliogopa kukusumbua, mwalimu."

"Saa zile za mlangoni nilikuwa nakaa hapa peke yangu, nasahihisha karatasi."

Funzo la kisa hiki mtu wa Gusii hahitaji kulitafuta mbali. Wazee wake walikuwa na risaga, majirani wakikutana kulima shamba la mmoja wao, kisha la mwingine. Mwenye shamba hakuona haya kuita watu, wala hakuna aliyemdhania mvivu. Lakini risaga ilipotawanyika shamba lilibaki lake, na magugu yaliyofuata yalikuwa yake kuyapalilia. Kunakili zoezi ni kuvuna shamba la jirani ukidai ni lako. Kuomba msaada ni risaga.

Kwa hiyo, wewe unayeanza somo hili Kisii, Nyamira au kwingineko, nenda katika wiki za mwanzo, kabla ya foleni ya mkesha wa mtihani. Mwalimu wako akiwa wa kibarua, anayefundisha na kukimbilia matatu ya kwenda chuo kingine, mdake darasani kipindi kikiisha, au mwombe mapema akupangie saa. Usiende mikono mitupu: beba programu uliyoandika mwenyewe, hata kama imeharibika. Usiseme tu "mwalimu, haifanyi kazi", maana hapo hujauliza kitu. Sema: "Niliweka 12 na 15, nilitarajia 27, imenipa 1215." Kwa maneno hayo umemwonyesha ulichofanya, ulichotaka na ulichopata, na mara nyingi jibu utaliona wewe mwenyewe kabla hujamaliza kulisema. Anayekusaidia aeleze, lakini vidole kwenye kibodi viwe vyako. Ukirudi chumbani, futa kila kitu uandike upya bila kuchungulia. Ukikwama tena, rudi. Kurudi si kumsumbua mwalimu; kukueleza ni kazi anayolipwa kuifanya.

Nanyi wahadhiri, karatasi ya mlangoni haitoshi kwa mtoto aliyefunzwa kutoingia chumba cha mzee. Mwambieni kwa kinywa, mbele ya wenzake, kwamba mlango uko wazi, na kwamba nyinyi pia programu zenu za kwanza zilikataa kujumlisha. Swali la 1215 likiulizwa wiki ya pili hugharimu dakika tano. Likifichwa hadi matokeo yatoke, hugharimu muhula na pesa za mzazi aliyeamka alfajiri kuchuma majani chai.