Bei ya Mchezaji na Utu wa Mtu: Tafakuri juu ya Usajili katika Besiboli

Kila mwaka, kuanzia fainali za Ligi Kuu ya Besiboli ya Marekani zinapomalizika mnamo Oktoba au Novemba hadi kambi za mazoezi zinapofunguliwa mwezi Februari, mchezo huu huendelea kwa maneno matupu, pasipo mpira kurushwa wala kupigwa. Wamarekani hukiita kipindi hicho msimu wa jiko la moto, jina linalokumbusha desturi ya wanaume wa miji midogo kuketi kulizunguka jiko wakati wa baridi na kubishana kuhusu nani asajiliwe, nani aachwe na nani abadilishwe kwa nani. Mashabiki wa soka wa Dar es Salaam au Nairobi, ambao hulisubiri dirisha la usajili kwa hamu isiyopungua hiyo, wanaweza kuielewa ladha ya mabishano hayo bila kufafanuliwa sana. Hata hivyo, ndani ya mabishano hayo limo swali zito kuliko linavyoonekana, nalo ni hili: je, inawezekana kumtajia binadamu bei bila kuupunguza utu wake, na kama inawezekana, ni sharti gani linaloihalalisha bei hiyo? Hoja inayotetewa hapa ni kwamba bei huwa halali inapoipima kazi ya mtu, na kwamba kinachoizuia isimmeze mtu mwenyewe ni uwezo wake wa kukataa, wala si ukubwa wa fedha anazolipwa.

Ni vyema kuanza kwa kuutendea haki mjadala wa mashabiki, kwa sababu kukadiria si dhambi. Aristotle, katika kitabu chake cha maadili, alieleza kwamba mjenzi wa nyumba na fundi wa viatu hawawezi kubadilishana matunda ya kazi zao pasipo kipimo kinachozilinganisha bidhaa zisizofanana, na kwamba fedha ilibuniwa ili iwe kipimo hicho. Besiboli hukubali vipimo kuliko michezo mingi, kwa kuwa pambano lake la msingi ni la watu wawili, yaani mrushaji anayeurusha mpira na mpigaji anayejaribu kuupiga kwa gongo, na matokeo ya kila pambano la namna hiyo huandikwa katika msimu wenye mechi 162 kwa kila timu. Kutokana na hazina hiyo ya kumbukumbu, Bill James, mwandishi wa jimbo la Kansas aliyeanza kuchapisha uchambuzi wake mwaka 1977, aliasisi elimu aliyoiita sabermetriki, yaani uchunguzi wa besiboli kwa njia ya takwimu, jina alilolitoa katika herufi za kwanza za jumuiya ya watafiti wa mchezo huo iliyoanzishwa Cooperstown mwaka 1971.

Elimu hiyo ilileta haki ya aina yake. Kwa miaka mingi maskauti, yaani wasaka vipaji wa klabu, walimthamini mchezaji kwa umbo la mwili wake, mbio zake na nguvu za mapigo yake, wakamdharau yule ambaye alifika kituo cha kwanza kwa subira tu, kwa kuiacha mipira mibovu impite hadi sheria impe ruhusa ya kutembea. Klabu ya Oakland, ambayo bajeti yake ya mishahara ilikuwa miongoni mwa zile ndogo kabisa katika ligi, iliwatafuta wachezaji wa namna hiyo waliopuuzwa na wengine, na mwaka 2002 ikashinda mechi 103, zikiwemo 20 mfululizo. Katika mfano huo hesabu iliondoa upendeleo wa macho, ikampa stahili yake mtu aliyenyimwa kwa sababu ya sura, na kwa maana hiyo kipimo kizuri kinaweza kuwa mtumishi wa uadilifu.

Tatizo linaanza pale kipimo kinapochunguzwa kwa undani zaidi. Kipimo kinachotawala mabishano ya siku hizi kinaweza kuitwa ushindi juu ya mbadala, yaani idadi ya mechi ambazo timu imeshinda kwa sababu ilikuwa na mchezaji fulani badala ya kuwa na mtu wa kawaida ambaye angeweza kuchukuliwa kutoka ligi za chini kwa gharama ndogo. Kwa mujibu wa kipimo hicho, kumthamini mchezaji ni kumfikiria akiwa hayupo, na nafasi yake imeshikwa na mwingine asiye na jina. Hapo ndipo hesabu ya mashabiki inapogusana, pasipo kukusudia, na fikra ya Immanuel Kant, mwanafalsafa wa Ujerumani ambaye mwaka 1785 alipambanua kati ya kitu chenye bei na kiumbe mwenye hadhi. Chenye bei, kwa maelezo yake, ni kile ambacho kingine kinaweza kuwekwa mahali pake kikawa sawa nacho, ilhali mwenye hadhi hana wa kulingana naye na kwa hiyo hana mbadala. Mchezaji yuleyule, basi, ana mbadala akitazamwa kama mrushaji wa mpira, na hana mbadala akitazamwa kama mtu.

Karne nyingi kabla ya Kant, Mtakatifu Augustino, askofu wa Hippo katika Afrika ya Kaskazini, aliiona tofauti hiyo katika masoko ya zama zake. Katika kitabu chake kuhusu Mji wa Mungu alieleza kwamba viumbe vina daraja mbili: daraja ya asili, ambamo mwenye akili ni bora kuliko asiye nayo, na daraja ya matumizi, ambamo mnunuzi hufuata haja au raha yake, hata ikatokea kwamba farasi akanunuliwa kwa fedha nyingi kuliko mtumwa, na kito kwa fedha nyingi kuliko mjakazi. Funzo lake ni kwamba bei husema ukweli juu ya haja ya mnunuzi, lakini haisemi lolote juu ya cheo cha anayetajiwa bei. Lugha ya Kiswahili yenyewe imeihifadhi tofauti hiyo katika ngeli zake, kwa kuwa mtu na kitu hushiriki shina moja la maneno lakini kiambishi huwatenga, jambo ambalo padri Alexis Kagame wa Rwanda aliliweka katikati ya falsafa yake ya mwaka 1956 alipoligawa shina hilo, kama lilivyo katika Kinyarwanda, katika makundi ya kiumbe mwenye akili, kitu, mahali na wakati, na namna ya kuwa. Mzungumzaji wa Kiswahili akisema mchezaji ameuzwa, sarufi humwacha katika ngeli ya watu, lakini kitenzi kimeshaanza kumvuta kuelekea ngeli ya vitu.

Historia ya besiboli inaonyesha kwamba hatari hiyo haikuwa ya maneno tu. Tangu mwaka 1879 wamiliki wa klabu walikubaliana juu ya utaratibu unaoweza kuitwa kifungu cha kumhifadhi mchezaji, ambao ulianza na wachezaji wachache wa kila klabu, kisha ukawaenea wote, na ambao uliipa klabu haki ya kuendelea kummiliki mchezaji hata muda wa mkataba wake ulipokwisha. Mchezaji aliweza kuuzwa, kubadilishwa au kuachwa, lakini hakuweza kuondoka kwa hiari yake na kwenda kuichezea klabu nyingine ya Ligi Kuu. Mahakama Kuu ya Marekani, kwa hukumu ya mwaka 1922, iliuweka mchezo huo nje ya sheria za kuzuia ukiritimba, na kwa hiyo utaratibu huo ukaendelea kwa zaidi ya nusu karne.

Aliyejitokeza kuupinga mahakamani alikuwa Curt Flood, mlinzi wa uwanja wa kati wa klabu ya St. Louis, Mmarekani mweusi aliyezaliwa Houston mwaka 1938 na kukulia Oakland. Mnamo Oktoba 1969, baada ya miaka 12 ya utumishi, aliarifiwa kwamba amebadilishwa kwenda Philadelphia, na tarehe 24 Desemba mwaka huo akamwandikia barua Bowie Kuhn, kamishna wa ligi, akieleza kwamba hajioni kuwa mali ya kununuliwa na kuuzwa pasipo kujali matakwa yake. Chama cha wachezaji, kilichoongozwa na Marvin Miller, kilimuunga mkono. Flood aliacha kucheza msimu wote wa 1970, na Juni 1972 Mahakama Kuu ikaikataa kesi yake kwa kura 5 dhidi ya 3, katika hukumu iliyoanza kwa kuusifu mchezo na kuorodhesha majina ya wachezaji wake mashuhuri. Majaji waliweza kuwaheshimu wachezaji waliokwisha kuwa kumbukumbu, huku mchezaji mmoja aliyekuwa hai akinyimwa haki ya kuchagua mahali pa kufanyia kazi.

Pingamizi lililotolewa dhidi ya Flood wakati ule ndilo pingamizi kubwa kuliko yote, nalo linastahili kujibiwa. Ilisemwa kwamba mtu anayelipwa dola 90,000 kwa mwaka, kiasi kikubwa mno kwa siku zile, hana haki ya kulalamika, na kwamba kujifananisha na mtumwa ni kuwatukana waliokuwa watumwa kweli. Ni kweli kwamba Flood hakuwa mtumwa, kwani aliweza kuacha besiboli na kwenda zake, jambo ambalo watu waliopigiwa mnada katika soko la Mkunazini, Unguja, kabla ya soko hilo kufungwa mwaka 1873, hawakuliweza. Lakini pingamizi hilo linachanganya maswali mawili, yaani swali la mtu anapata kiasi gani na swali la nani ana mamlaka juu yake. Wingi wa malipo hujibu la kwanza na kulinyamazia la pili, na bei kubwa inayolipwa kwa mtu mwingine kwa ajili yake haimfanyi kuwa huru zaidi, kama vile farasi wa Augustino hakupanda daraja kwa kuwa aliuzwa ghali.

Elimu ya sheria ya Kiislamu, ambayo kwa karne nyingi imekuwa ikisomeshwa katika pwani ya Afrika Mashariki, ina upambanuzi unaolitatua jambo hili kwa uwazi. Mauzo huhamisha umiliki wa kitu chenyewe, ilhali ijara, yaani mkataba wa kukodi, huhamisha manfaa tu kwa muda uliotajwa, na kutokana na asili hiyo ya Kiarabu Kiswahili kimepata neno ujira. Mtu huru hawezi kuuzwa, lakini kazi yake inaweza kukodiwa kwa ridhaa yake. Hadithi iliyopokewa na Bukhari huyaweka pamoja makosa mawili kati ya matatu ambayo Mwenyezi Mungu atakuwa hasimu wa mtendaji wake Siku ya Kiyama: kumuuza mtu huru na kula thamani yake, na kumkodi mfanyakazi akatimiza kazi kisha asilipwe ujira wake. Ujirani wa makosa hayo unafundisha kwamba utu hulindwa pande mbili, kwa kutomfanya mtu kuwa bidhaa na kwa kutoidhulumu kazi yake, na kwamba upande mmoja hauwezi kulipiwa kwa mwingine. Ndiyo maana jina mchezaji huru, linalotumiwa leo kwa mtu ambaye mkataba wake umekwisha na anayeweza kujichagulia klabu, lina uzito kuliko wanavyodhani wanaolitamka, kwa kuwa neno huru ndilo lililomtenga mtu na utumwa katika jamii za pwani.

Uhuru huo ulipatikana katika besiboli tarehe 23 Desemba 1975, pale msuluhishi Peter Seitz alipoamua kwamba warushaji Andy Messersmith na Dave McNally, ambao mwaka huo hawakuwa wametia saini mkataba mpya, hawafungwi tena na klabu zao. Tangu hapo mchezaji aliyetimiza miaka sita ya utumishi katika Ligi Kuu anaweza kutafuta soko lake, na mishahara imepanda hadi kiasi ambacho Flood asingeweza kukiota. Hata hivyo, mfano wa Juan Soto, mzaliwa wa Jamhuri ya Dominika, unaonyesha kwamba hali mbili bado zinaishi pamoja. Mwaka 2022 alikataa dola milioni 440 kutoka kwa klabu yake ya Washington, akabadilishwa kwenda San Diego, na mwishoni mwa mwaka 2023 akabadilishwa tena kwenda New York kwa Yankees, na ni Desemba 2024 tu, alipokuwa huru, ndipo alipochagua mwenyewe kwenda kwa Mets kwa mkataba wa miaka 15 wenye thamani ya dola milioni 765. Haki ya kukataa kubadilishwa hupewa yule aliyetimiza miaka kumi katika ligi, mitano ya mwisho ikiwa na klabu moja, isipokuwa mkataba wake uwe na kifungu maalumu, na kwa hiyo wengi hustaafu kabla ya kuifikia. Ikiwa sharti la uhalali wa bei ni ridhaa, basi kasoro iliyobaki haimo katika mamilioni ya Soto, yanayowashangaza watu, bali katika kijana asiye na jina anayepewa saa chache kuihamisha familia yake kwenda mji asiouchagua.

Mashabiki nao wana sehemu katika jambo hili, kwa kuwa wao ndio wanaoyazoea au kuyakataa maneno yanayotumiwa. Upendo wao wenyewe ni ushahidi kwamba hawaamini kikamilifu hesabu wanazozitaja. Klabu ya Boston ilipombadilisha mchezaji wake Nomar Garciaparra tarehe 31 Julai 2004, wengi walihuzunika kana kwamba wamefiwa, na hata klabu ilipotwaa ubingwa mwaka huohuo, wa kwanza tangu 1918, furaha hiyo haikumfanya mtu waliyempenda kuwa sawa na waliokuja badala yake. Kipimo kiliwaambia kwamba mbadala amepatikana na matokeo yakathibitisha, lakini moyo ulijua kwamba aliyependwa alikuwa mtu mmoja mahususi.

Mfano wa mwisho wa tofauti kati ya bei na mtu ni mchezaji Roberto Clemente wa Puerto Rico, ambaye alichukuliwa na klabu ya Pittsburgh mwaka 1954, katika mapumziko ya msimu, kwa dola 4,000, akaichezea klabu hiyo misimu 18 na kufikisha mapigo salama 3,000 mnamo Septemba 1972. Tarehe 31 Desemba mwaka huo, katika majira yaleyale ambayo wengine huyatumia kukadiria wachezaji, alipanda ndege iliyobeba msaada kwa waliokumbwa na tetemeko la ardhi la Managua, akitaka kuhakikisha kwamba unawafikia wenye shida, na ndege hiyo ikaanguka baharini. Dola zile 4,000 zilikuwa makadirio ya kazi yake, na kama makadirio zilikuwa na makosa makubwa ambayo hesabu bora ingeweza kuyasahihisha. Safari ile haikuwa katika mkataba wowote na hakuna klabu iliyoweza kumwagiza aifanye, kwa kuwa ilitoka katika sehemu ya mtu ambayo haikodiwi. Shabiki anayebishana wakati wa baridi kuhusu nani asajiliwe na kwa kiasi gani hana haja ya kuacha kuhesabu, ila anawajibika kukumbuka kwamba kinachojadiliwa ni miaka kadhaa ya kazi ya mtu, na kuuliza, kila anapopendekeza nani abadilishwe kwa nani, kama wanaotajwa wana nafasi ya kusema hapana.