Zawadi ya Mtoto wa Miaka Kumi

Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Methali hii imewatuliza watoaji wengi wenye mikono mitupu, na ni haki itukuzwe. Lakini hata methali njema ina pembe isiyofikiwa na mwanga wake. Yausifu moyo wa mtoaji, wala haisemi neno juu ya macho yake. Mtu aweza kutoa kwa moyo mweupe kabisa na bado akamwumiza aliyepewa, kwa sababu hakumtazama. Jambo hili halionekani upesi mkubwa ampapo mkubwa mwenziwe, maana wote wawili wamekwisha jifunza kuficha. Huonekana wazi mtu mzima ampapo mtoto. Na katika watoto, huonekana wazi zaidi kwa mtoto wa miaka kumi.

Umri huo ni wa kizingitini. Mtoto wa miaka mitatu hufurahia karatasi iliyofungiwa zawadi kuliko zawadi yenyewe. Kijana wa miaka kumi na sita hutaja akitakacho, pamoja na bei yake na duka kiuzwapo. Wa miaka kumi yu katikati. Mafundisho ya Kiislamu, ambayo yamelea nyumba nyingi za pwani, humtaka mzazi amwamrishe mtoto kusali afikapo miaka saba, awe mkali juu ya jambo hilo afikapo kumi, na malazi ya watoto yatengwe. Maana yake ni kuwa tangu hapo mtoto huanza kuhesabiwa mtu wa peke yake, mwenye haya, mwenye siri na mwenye kumbukumbu. Zawadi apewayo wakati huo haipiti bure. Ataifahamu, na nyuma yake atamfahamu mtoaji, na pengine atafahamu jinsi mtoaji amwonavyo yeye.

Na uchukuliwe mfano wa mjomba mmoja, karani katika Dar es Salaam, ambaye dada yake ameolewa Pangani na fundi wa mashua. Dada huyo ana watoto watatu, na wa kati ni mvulana wa miaka kumi. Sikukuu ya Idi moja mjomba alimpelekea mpwawe huyo atlasi, kitabu kikubwa chenye ramani za rangi, kilichomgharimu sehemu isiyo ndogo ya mshahara wake. Mwaka uliofuata alikikuta kitabu juu ya kabati la dada yake, kimefungwa katika kanga, kisafi kama kilivyotoka dukani. Dada alieleza kwa fahari kwamba amekihifadhi kisije kikachafuliwa, na kwamba mtoto huruhusiwa kukitazama siku ya Ijumaa, akiisha nawa mikono.

Zawadi hiyo ilipewa nani? Katika fiqhi ya Kishafii, ifuatwayo na Waislamu wengi wa pwani, kipawa cha mtoto mdogo hupokelewa kwa niaba yake na walii wake, aghalabu baba. Lakini kupokea si kumiliki. Mali ni ya mtoto, na mkubwa ni mlinzi tu. Yamkini dada aliona kuwa anatimiza ulinzi huo, wala si haki kumlaumu sana. Katika nyumba ambayo kitu kikiharibika hakinunuliwi kingine, mama mwenye akili hufungia kitu cha thamani. Kosa lilikuwa la mjomba, aliyechagua kitu ghali mno kwa nyumba ile, hata ughali wake ukakizuia kisitumike. Alitaka kumpa mtoto dunia, akampa dada yake pambo la kabati.

Mwaka huo wa pili mjomba aliazimia kununua kishikwambi. Hoja zake hazikuwa za kijinga: ndani ya chombo kimoja mtoto angepata vitabu, ramani na masomo ambayo shule yake haina. Juu ya madhara ya vyombo hivyo kwa watoto wamesema wengi, tena wengine kwa maneno mengi kuliko akili, na hapa hapana haja ya kuyarudia. Kizuizi kilikuwa kingine. Mjomba alipomtajia shemeji yake fikra hiyo, yule fundi alisema, “Vema,” akainama kuendelea na kazi yake. Neno moja tu, na kimya baada yake.

Kimya kile kina maelezo. Marcel Mauss, mwanachuoni wa Ufaransa, katika insha yake juu ya zawadi iliyotoka mwaka 1925, alionyesha kuwa katika jamii nyingi zawadi haiwi huru kama isemwavyo: pana wajibu wa kutoa, wajibu wa kupokea na wajibu wa kurudisha. Mtoto wa miaka kumi hana cha kurudisha. Basi deni lake humwangukia nani, isipokuwa wazazi wake? Nao hulilipa kwa namna isiyoandikwa popote. Hunyamaza mjomba anenapo. Hukubali shauri lake juu ya shule ya mtoto. Humpa kiti cha mbele katika nyumba isiyokuwa yake. Zaidi ya hayo, kila mwezi fundi angetakiwa kununua bando ili chombo alichokitoa mwingine kisiwe gogo, na siku ambayo hana fedha mwanawe angejua ni nani awezaye na ni nani asiyeweza. Mtu aweza kumvua baba heshima mbele ya mwanawe bila kutamka neno baya hata moja, kwa kumpa mtoto kitu kizuri tu.

Wako wanaojiepusha na taabu hii yote kwa kutoa fedha. Hiyo ni desturi ya Idi, nayo ina uadilifu wake, maana noti zaweza kulingana kwa kila mtoto. Lakini fedha zaweza kutolewa hata na mpita njia. Hazimwambii mtoto kuwa yuko mtu aliyemfikiri yeye, wala si nduguye.

Yafaa basi mtoto aulizwe. Mjomba alimwuliza, naye akajibiwa, “Chochote, mjomba.” Mtu asiyeijua pwani angelidhani kuwa mtoto hana alitakalo. Mtoto aliyefunzwa kuwa kuomba ni aibu, na kuwa kitu cha mkubwa hakichaguliwi, hutoa jibu la adabu, wala si la moyo. Kumshikilia ataje ni kumlazimisha achague kati ya adabu aliyofunzwa na mamaye na pendo la mjombawe. Aristotle, katika kitabu cha nne cha Maadili yake, asema kuwa mkarimu hutoa kwa amstahiliye, kwa kadiri ifaayo na kwa wakati ufaao. Hayo ni kweli, ila hakuna awezaye kuyapima kabla ya kukaa na kutazama.

Mjomba alikaa siku tatu, jambo ambalo hakuwa na desturi nalo. Akaona kuwa mtoto atokapo shule huenda pwani alipo baba yake, katikati ya vumbi la mbao na harufu ya sifa. Huokota vipande vya mti mwepesi, akachonga vingalawa kwa kisu kibovu cha jikoni kisichokuwa na mpini, kisha huvishindanisha na vya wenzake maji yajaapo. Vyake vilikuwa vibaya kwa umbo, lakini vilikwenda. Alikuwa ameona mwenyewe, bila kufunzwa, kuwa ubao mwembamba chini ya maji humpa chombo njia iliyonyoka.

Alichohitaji mtoto yule kilikuwa wazi: patasi ndogo, kali, ya kweli. Ndipo yalipoanza mashaka makubwa zaidi. Patasi hukata vidole. Hilo lilikuwa dogo, maana kidole hupona, na kumkabidhi mtoto kitu chenye makali ni kumwambia kuwa yuaaminika. Zito lilikuwa jingine. Mwana wa fundi akipewa chombo cha ufundi, je, si kumfungia mlango wa shule kwa mkono wa ndugu yake mwenyewe? Mjomba mwenyewe alitoka Pangani kwa njia ya kitabu. Atlasi, pamoja na upumbavu wake wote, ilisema kuwa dunia ni pana. Patasi ingesema nini?

Swali hilo haliondoki kwa kusema kuwa mtoto apewe apendacho. Mapenzi ya mtoto hutokana na yale ayaonayo, na aonaye kitu kimoja hupenda kimoja. Aliyeona vingi ana wajibu wa kumwonyesha zaidi. Lakini wajibu huo ni wa mwaka mzima, wala hauwezi kutimizwa kwa kitu kimoja kiletwacho na basi siku ya sikukuu. Zawadi itolewayo ili mtoto awe mtu mwingine humwambia kuwa alivyo sasa hatoshi. Kumwamini katika alifanyalo vema hakumzuii kwenda mbali. Aghalabu ndiko kumpako ujasiri wa kwenda. Mjomba hakuwa na yakini ya hayo alipokata shauri. Atoaye hana njia ya kuipata yakini hiyo kabla ya kutoa.

Lilibaki suala la ndugu wawili. Bashiri, sahaba wa Mtume, alipotaka kumpa mwanawe Nuʼmani kipawa na kumfanya Mtume shahidi, aliulizwa kama amewapa wanawe wote mfano wa hicho. Na aliposema hapana, Mtume alikataa kushuhudia dhuluma. Amri ile ilimhusu baba. Hata hivyo sababu yake, yaani kutunza nyoyo za ndugu zisichukiane, humfika mjomba pia. Usawa huo si lazima uwe wa kitu kwa kitu. Msichana wa miaka minane asiyechonga hana haja ya patasi. Lakini alistahili nusu ile ya siku tatu ambazo mjomba alizitumia kwa kakaye, naye hakuipata. Alipewa gauni lililomkaa kubwa, akashukuru kwa adabu.

Patasi haikununuliwa Dar es Salaam. Mjomba alimwomba shemeji yake wafuatane dukani, achague yeye, kwa kuwa karani hajui chuma. Fundi alijaribu nne kwa ukucha wa kidole gumba, akazirudisha tatu. Walipofika nyumbani aliutazama mpini, akautazama mkono wa mwanawe, akaketi na msumeno kuupunguza.