Haya, Twahara na Mgonjwa wa Tezi Dume

Mwanamume aliyekwisha kupasuliwa tezi dume aghalabu hurudi nyumbani na masuali mawili kifuani, moja humwuliza daktari na la pili hamwulizi mtu. La kwanza ni la mwili: mkojo utatulia lini, damu itakatika lini, lini ataruhusiwa kurudi kazini na chumbani kwake. La pili ni la dini, nalo humlemea zaidi kwa kuwa hajui pa kulipeleka: je, mtu ambaye haja ndogo humtoka bila ya idhini yake, ambaye kiungo alichokitawala tangu utotoni sasa kimemwasi, angali anafaa kusimama mbele ya Mola wake katika safu ya waumini? Makusudio yangu ni hili la pili, walakini asiyelijua la kwanza hawezi kulijibu la pili ila kwa kubahatisha.

Tezi dume huuzunguka mrija wa mkojo pale unapoanzia kibofuni, na katika ujana uzito wake hauzidi sana gramu 20. Mtu apitapo miaka 50 tezi hiyo huanza kukua, si kwa saratani, wala si kwa dhambi yoyote aliyoitenda, bali kwa umri na kwa homoni zile zile zilizomfanya akaota ndevu. Na katika wenye kufikia miaka 80 ni wachache waliosalimika nayo. Ikishaubana mrija hata dawa zikawa hazifai kitu, daktari hupitisha chombo chembamba ndani ya mrija wenyewe, bila ya kuchana ngozi, akaichonga tezi kidogo kidogo mpaka njia ikafunguka; au, ikiwa imekuwa kubwa mno, au chombo hicho hakipatikani, hupasua chini ya kitovu, kwa namna ambayo Peter Freyer aliipa umaarufu huko London kuanzia mwaka 1900. Mara nyingi hutiwa ganzi kiunoni tu, na mgonjwa huwa macho akisikia watu wanavyozungumza juu ya mwili wake.

Arudipo wodini hujikuta amewekewa mpira wa mkojo, na maji ya chumvi yakipitishwa humo yaingie kibofuni na kutoka, ili damu isigande ikaziba njia. Aliyechongwa kwa ndani hutolewa mpira huo baada ya siku 2 au 3, na aliyepasuliwa tumbo hukaa nao kiasi cha juma zima. Hapo ndipo watu wengi hudhani kuwa mambo yamekwisha, kumbe ndiyo kwanza yaanza: mkojo huchoma, humjia ghafla asiweze kuuahirisha, na matone humponyoka akikohoa au akiinuka kitini, na hali hiyo huweza kudumu majuma kadhaa, na kwa wengine miezi, kabla ya kutengenea. Baada ya siku 10 au 14 damu huweza kuonekana tena, kwa kuwa vigaga vya ndani vinabanduka; dawa yake ni kupumzika na kunywa maji kwa wingi, illa kwa yule ambaye moyo au figo zake zimemkataza. Mkojo ukizuilika kabisa, yakatoka mabonge ya damu, au ikamshika homa, hapana tena kungoja asubuhi, ni kurudi hospitali. Asinyanyue gunia wala ndoo kwa majuma 4 hadi 6, asijikamue chooni, na asimkaribie mkewe kwa muda kama huo. Na ajue mapema kwamba baadaye manii yake huenda yakarudi kibofuni badala ya kutoka nje, jambo lisilo na madhara isipokuwa kwa atakaye kuzaa, maana asiyeambiwa hili hudhani amekwisha kuwa hanithi na akalificha mpaka likamla roho.

Namkumbuka maalimu mmoja wa chuo cha Kurani, mzee aliyepindukia miaka 70, aliyelazwa kwa ajili ya upasuaji huo. Mfuko wa mkojo ulining'inia ubavuni mwa kitanda, umefunikwa kanga ili wageni wasiuone, na kila ulipojaa mwanawe mkubwa aliinuka akatoka kwenda kumtafuta muuguzi, kwani hakuthubutu kuifunua kanga ile. Akaingia mjukuu, kijana wa skuli, akaifunua, akautazama mfuko, akasema: "Babu, rozela hii umeinunua wapi, nasi hutukaribishi?" Mzee akacheka hata akajishika tumbo kwa maumivu. "Inywe wewe, mume mwenza," akamjibu, "maana bibi yako umekwisha kuninyang'anya." Kijana akafungua koki, akamimina katika chombo, akatazama kipimo, akamwandikia muuguzi, akaenda kunawa.

Wazee wetu walipouweka utani baina ya babu na mjukuu, wakauzuia baina ya baba na mwana, yumkini waliyafikiri haya haya: kwamba iko siku mtu atahitaji mkono wa kumhudumia mahali ambapo heshima ya mwanawe haifiki. Lakini huduma ya mjukuu iliishia hapo wodini. Maalimu aliporudi nyumbani na matone yake hakwenda tena msikitini, akijitetea kwa udhaifu. Na baada ya siku chache mkewe akatambua kuwa hata chumbani haswali. Alipoulizwa alisema kwamba ataswali atakapotahirika.

Khofu yake haikuwa ya kipumbavu. Umri wake wote alikuwa amewasomesha watoto ile hadithi ya watu wawili wanaoadhibiwa makaburini, mmoja wao kwa sababu hakuwa akijilinda na mkojo, na mtu hawezi kulifundisha jambo miaka 40 lisimkae mifupani. Illa hadithi ile inamhusu mwenye uwezo wa kujilinda akapuuza, ilhali mgonjwa huyu ndiye mwenye kujilinda kuliko sisi sote, na bado hujikuta ameroa. Tofauti baina ya mzembe na ajizi ndiyo msingi wa fikihi yote ya wagonjwa, na wanazuoni hawakungoja hospitali za leo ili waitambue. Imran bin Husayn, sahaba wa Mtume, aliyesumbuliwa na bawasiri, alikwenda kuuliza namna ya kuswali akaelekezwa aswali wima, akishindwa aketi, akishindwa alale ubavu. Na Fatima binti Abi Hubaysh, aliyetokwa na damu isiyokatika, alilipeleka suali lake kwa Mtume mwenyewe, na kutokana na jawabu alilopewa wanazuoni wakatoa hukumu za kila ambaye hadathi yake haikomi.

Katika madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo yaliyoenea pwani yetu, mtu wa namna hii huitwa salisi, na amri yake ni nyepesi: wakati wa swala ukishaingia aoshe tupu yake, ajifunge kitambaa (siku hizi zipo pedi, nazo zafaa zaidi), atawadhe, kisha aswali bila ya kuchelewa, udhu mmoja kwa faradhi moja, na sunna kadiri apendavyo. Tone likimtoka katikati ya Fatiha haimdhuru. Ikiwa mkojo humtoka akisimama na hukoma akiketi, huambiwa aketi, na kule kusimama, kulikokuwa nguzo, kukamwondokea. Msikitini haruhusiwi kuuchafua, lakini akiwa amejifunga vizuri hapana wa kumzuia mlangoni. Hanafi wao humwachia udhu mmoja kwa muda wote wa swala ile, na Maliki wana wepesi zaidi ya hapo. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, hakutosheka na hayo. Katika Minhaji, kitabu ambacho maalimu wangu alikisoma na kukisomesha, aliikuta hitilafu ya wanazuoni juu ya mtu mzima wa afya kumfuata salisi katika swala, akaitaja kauli yenye kuruhusu kuwa ndiyo sahihi zaidi. Maana yake, huyu anayejificha chumbani kwa kuogopa kukaa safu ya nyuma angeweza kisharia kuwa imamu wa hao anaowakimbia.

Basi kama kitabu kilimpa nafasi hiyo, ni nani aliyemnyima? Nadhani ni yeye mwenyewe, kwa jambo aliloliita haya, nami naona ndani yake kuna kibri kilichovaa kanzu ya haya. Haya ya kweli humzuia mtu na lile alilokatazwa. Hii humzuia na lile alilofaradhiwa. Na si wazee wetu peke yao. Jenerali de Gaulle, alipopasuliwa tezi hii Paris mwezi Aprili 1964, Wafaransa hawakuambiwa mpaka jambo lilipokwisha. Ilhali Mfalme Charles wa Uingereza alipotakiwa kutibiwa Januari 2024 alilitangaza mapema, wanaume wengi wakaenda kujisomea habari zake, na ufalme wake haukupungua kitu.

Mwanadamu hudhani kuwa utu wake umo katika kujitawala, na kwa hiyo siku mwili unapokataa amri huhisi kuwa ameanza kufutika. Fikihi inamfikiria kwa namna nyingine. Haikumtaka awe mkavu, kwani ukavu haumo mikononi mwake. Ilimtaka aoshe, ajifunge, atawadhe na anuie, mambo manne ambayo mkono unaotetemeka huyaweza, na asiyeyaweza huruhusiwa kusaidiwa. Mtu atauliza: ikiwa tone linasamehewa, twahara ina haja gani? Lakini msamaha huu hauji ila baada ya jitihada, na hauishi ila kwa kadiri ya udhuru. Siku mkojo utakapomkatikia muda wa kutosha kutawadha na kuswali, rukhsa imeondoka naye amerudi katika sharia ya wenzake, bila ya tangazo.

Kuhusu hesabu ya majuma yaliyopita, hukumu yake ni hii: swala alizoziswali huku matone yakimtoka, baada ya kuosha na kujifunga, hazirudii hata moja. Zile alizoziacha kwa kungoja atahirike, hizo atazilipa.