Mimi Yupi Ndiye Mimi? Swali la Kidonge cha Sonona

Kiswahili kina kitenzi kusononeka, yaani kuumia moyoni kimya kimya, pengine bila jirani kujua. Humo tumepata jina sonona, ambalo siku hizi linatumika kwa ugonjwa. Nalipenda neno hili kwa sababu linatusaidia kuutenga ugonjwa na huzuni ya kawaida. Huzuni huwa na anwani: umefiwa, umeachwa, umefukuzwa kazi. Sonona inaweza kuanza na msiba, halafu msiba ukapita yenyewe ikabaki. Inaweza pia kuja bila msiba wowote. Usingizi unakimbia, au mtu analala mchana kutwa. Chakula hakina ladha, kuoga tu ni kupanda mlima, na kile alichokipenda hakimwambii kitu tena. Hali hiyo ikidumu wiki mbili au zaidi, daktari ana sababu ya kuichunguza kama ugonjwa.

Sasa tuseme mtu huyu ameandikiwa kidonge. Wiki kadhaa zinapita, anaanza kucheka. Anayecheka hapo ni nani? Ni yeye, au ni dawa?

Mwaka 1993 daktari wa akili wa Marekani, Peter Kramer, alichapisha kitabu Listening to Prozac. Prozac ni jina la kibiashara la fluoksetini, dawa iliyoidhinishwa nchini humo mwishoni mwa 1987. Miongoni mwa wagonjwa anaowasimulia yumo mwanamke aliyempa jina Tess. Alikulia katika umaskini, akalea wadogo zake baada ya baba kufariki, akaolewa mapema na ndoa ikamtesa. Alipopewa Prozac, alichangamka, akajiamini, akapata marafiki wapya. Baadaye dawa ikasimamishwa. Miezi ikapita, akarudi kwa daktari akilalamika kwamba hajisikii kuwa yeye mwenyewe.

Hebu lifikirie hilo. Mtu aliyeishi na unyonge tangu utotoni anasema kwamba miezi michache ya kidonge ndiyo aliyokuwa yeye. Miaka yote ile, basi, alikuwa nani?

Wapo watakaosema kwamba Tess amejidanganya. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako, na furaha ya duka la dawa ni nguo ya kuazima. Hoja hii ina mvuto, lakini tuipime. Mgonjwa wa malaria anapoweweseka usiku, hakuna anayesema maneno yale ndiyo nafsi yake halisi na kwamba dawa itamharibu. Tunamtibu, tunamsubiri arudi.

Utanijibu kwamba malaria ina kimelea kinachoonekana kwa darubini, ilhali sonona haina. Ni kweli. Hata ile hadithi tuliyoizoea, kwamba mgonjwa amepungukiwa serotonini na kidonge kinajaziliza, ni nyepesi mno. Dawa za aina ya fluoksetini huzuia seli za neva zisiifyonze upesi serotonini zilizoitoa, na kazi hiyo huanza ndani ya saa chache. Nafuu ya moyo huchukua wiki. Mwaka 2022 Joanna Moncrieff na wenzake walipitia tafiti nyingi, wakasema hawakuona ushahidi thabiti kwamba sonona inaletwa na upungufu wa serotonini. Lakini kutojua dawa inafanyaje kazi hakumaanishi kwamba haifanyi. Uchambuzi uliochapishwa 2018 katika jarida la The Lancet ulikusanya majaribio 522 ya dawa 21 kwa watu wazima wenye sonona kali. Zote zilizidi kidonge bandia, ingawa kwa wastani tofauti haikuwa kubwa. Kwa maneno mengine, wapo wanaosaidika sana, na wapo wasiosaidika.

Kwa hiyo maabara haitatujibu nafsi ya kweli ni ipi. Mimi naona tunakosea tunapouliza furaha imetoka wapi. Tuulize imemwezesha mtu kufanya nini. Ubaya wa sonona ni kwamba inasema kwa sauti yako mwenyewe. Inakwambia huna thamani, nawe unaamini kwa kuwa unaisikia kama mawazo yako. Kidonge kikikubali, hakikuchagulii cha kupenda. Kinakurudishia nguvu ya kuchagua. Aliyepata nafuu bado analia msibani, bado anakasirika akidhulumiwa.

Kipimo hiki kinakata pande zote mbili. Wapo wanaotumia dawa hizi wakasema moyo umekufa ganzi: hawalii, lakini pia hawafurahi. Hao wamenyang'anywa kitu, na wana haki ya kurudi kwa daktari wakadai dawa nyingine au njia nyingine, kama vile tiba ya mazungumzo. Vivyo hivyo, kama kidonge kinamfanya mtu avumilie nyumba ya kipigo au kazi ya kitumwa, tumeitibu dalili tukauacha mwiba. Ila tujiulize: ni nani atakayeweza kuing'oa miguu atoke katika nyumba hiyo? Asiyeweza hata kuinuka kitandani?

Swali hili lina gharama, wala si la wanafalsafa peke yao. Yupo anayeacha dawa ghafla kwa sababu anajiona tapeli, eti amepata nafuu isiyo yake. Kuacha ghafla kunaweza kuleta kizunguzungu, kukosa usingizi na hasira. Dozi hupunguzwa polepole, kwa ushauri wa daktari. Kwa watoto na vijana wa hadi miaka 24, vidonge hivi vina onyo huko Marekani: waangaliwe kwa karibu, hasa wiki za mwanzo, maana mawazo ya kujiua yanaweza kuongezeka. Kwa mambo haya mgonjwa anahitaji watu. Sisi tunampa nini? "Jikaze." "Mwanaume halii." Tunamdai uhalisi, na gharama yake analipa yeye.

Kwa hiyo ukimjua mtu anayemeza kidonge hiki, mwache na furaha yake, usimdai risiti. Muulize amelalaje, amekula nini. Na kama anakwambia leo anajisikia yeye, basi mwamini. Hakuna shahidi mwingine.